Kufufua godoro kuukuu: mwongozo kamili, kuanzia chaga hadi kava jipya

Wengi wanaojaribu kazi hii huishia pale pale: godoro limevikwa kava jipya la kupendeza, shimo la katikati liko vilevile, na baada ya wiki mbili uvundo umerudi. Sababu huwa mbili. Wameanza na cherehani kabla ya kujua godoro linaumwa wapi, na wamelifunga kabla sponji haijakauka hadi ndani. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuzuia hayo mawili, kwa hiyo usiruke hata moja.

Sehemu kubwa inahusu godoro la sponji, maana ndilo linaloharibika zaidi mikononi mwa wanaolitengeneza. La springi na la sufi au pamba yana sehemu yao mbele kidogo.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa ukaguzi na usafi:
- mizani ya kupimia uzito wa mtu, futi ya utepe na kamba nyembamba ndefu
- tochi, glavu na barakoa
- siki nyeupe, sabuni ya maji, chupa ya kupulizia na matambara meupe
- bikabonati ya soda, ile ya jikoni ya kuumulia unga
- haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, kama kuna madoa ya damu

Kwa matengenezo:
- kisu kirefu chenye meno, kama cha kukatia mkate. Urefu wa makali uzidi unene wa godoro
- kalamu ya wino mzito na ubao ulionyooka
- gundi ya mguso inayofaa sponji, na brashi
- kipande cha sponji mpya, ikihitajika
- kitambaa kizito, zipu ndefu na uzi wa poliesta
- sindano iliyopinda, kama utashona kwa mkono

Usinunue sponji wala kitambaa kabla ya kumaliza hatua ya 2. Huenda usivihitaji kabisa.

Hatua ya 1: Kagua kitanda kwanza

Shusha godoro, liweke kwenye sakafu iliyo sawa, kisha ulale juu yake dakika kumi. Kama shimo limetoweka, godoro lako ni zima na mgonjwa ni kitanda.

Tazama chaga moja moja. Iliyovunjika utaiona mara moja. Inayodanganya ni ile iliyopinda kidogo au iliyochomoka kwenye msumari, maana inashuka pale tu inapopata uzito. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 au 8, vinginevyo sponji huzama kwenye mianya na kuchoka mistari mistari. Kitanda cha watu wawili kinahitaji mhimili wa katikati wenye mguu unaofika chini.

Umefaulu ukisimama katikati ya chaga, juu ya ubao unaosambaza uzito, na hakuna kinachoshuka wala kulia.

Hatua ya 2: Toa hukumu

Kabla ya kuvua kava, soma lebo. Baadhi ya magodoro ya sponji, hasa yale yanayouzwa yamekunjwa ndani ya boksi, yana soksi ya ndani yenye nyuzi za kioo za kuzuia moto. Lebo ikitaja nyuzi hizo au ikikataza kuvua kava, usivue. Zikitoka husambaa nyumba nzima, huwasha ngozi na macho, na kuzimaliza ni kazi ngumu mno.

Kama hakuna katazo, vua kava na uanze majaribio.

Sugua sponji kwa kidole gumba. Ikitoa unga au chembe, imekufa. Sponji ya poliyurithani huchakaa kwa hewa, mwanga na umri. Gundi wala kitambaa havirudishi uhai wake. Rangi ya manjano peke yake si kitu, mradi bado inanesa.

Ikandamize kwa ngumi hadi nusu ya unene, halafu uachie. Irudi papo hapo. Sponji ya kumbukumbu, ile inayobaki na alama ya mkono, hurudi polepole kwa sekunde kadhaa. Hiyo ndiyo tabia yake.

Sasa kamba. Watu wawili waivute ikaze kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya shimo. Pima kina kutoka kwenye kamba hadi kwenye sponji. Chini ya sentimita 2, inatosha kugeuza godoro kichwa-miguu na kuongeza tabaka jembamba juu. Kati ya 2 na 5, linatengenezeka, na hatua ya 6 inakuhusu. Zaidi ya 5, sehemu hiyo ya sponji itolewe.

Jaribio la mwisho ni la mizani, na ndilo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Jipime ukiwa umekumbatia sponji tupu, jipime tena bila yake, utoe. Gawa uzito huo kwa ujazo wa godoro kwa mita za ujazo. Godoro la sentimita 190 kwa 90 kwa 10 lina ujazo wa 0.171. Likiwa na kilo 4.1, msongamano wake ni karibu kilo 24 kwa kila mita ya ujazo, kiasi cha kuhalalisha jasho lako. Likishuka chini ya 18, binafsi silitengenezi kwa ajili ya mtu mzima kulalia. Litabonyea tena upesi. Andika uzito huo mahali. Utauhitaji kwenye kukausha.

Achana na kulalia godoro lenye ukungu ulioingia ndani ya sponji, lililozamishwa na mafuriko au maji machafu, au lililokaa kwenye moshi wa nyumba iliyoungua. Ukungu hauishii kwenye doa unaloliona.

Hatua ya 3: Kunguni

Wanapenda mishono, chini ya lebo na ndani ya utepe wa kingo. Pitisha tochi hapo, ukitafuta vidoa vyeusi kama nukta za wino, magamba na mayai meupe. Kagua pia viungo vya kitanda, maana kunguni wengi hujificha huko pia.

Kuanika juani hakutoshi. Kunguni na mayai yake hufa wakikaa kwenye nyuzi 48 za Selsiasi kwa dakika 90, lakini sponji huzuia joto: uso unaweza kuunguza mkono huku ndani kukiwa vuguvugu. Tena kunguni hujua kukimbilia upande wa kivuli.

Linalofaa ni hili: kava lifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, au litupwe likiwa limefungwa ndani ya mfuko. Sponji tupu ipitishiwe mashine ya mvuke polepole, kila uso na kila ukingo. Viungo vya kitanda cha chuma vimwagiwe maji yanayochemka. Vya mbao vipigwe mvuke. Kama wamejaa kupita kiasi, usilihamishe godoro hilo kwenda chumba kingine wala kumpa mtu. Unamgawia janga.

Umefaulu kama, baada ya kukagua tena kwa tochi wiki mbili mfululizo, hukuti alama mpya.

Hatua ya 4: Madoa na harufu

Kanuni kuu: maji machache. Kila tone unaloingiza utalazimika kulitoa.

Doa la damu hutaka maji baridi, kwa sababu joto hulipikia ndani. Gusagusa kwa tambara lenye maji baridi na sabuni kidogo, ukitoka ukingoni kuelekea katikati. Likigoma, weka matone ya peroksaidi, subiri povu litulie, nyonya kwa tambara kavu. Jaribu kwanza pembeni, maana hupausha rangi.

Doa la mkojo lipulizie siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uiache robo saa, uinyonye kwa kukandamiza tambara kavu. Subiri pakauke. Ndipo unyunyize bikabonati, uiache usiku kucha, uifagie au kuivuta kwa mashine.

Usichanganye siki na bikabonati kwa pamoja, ingawa watu wengi hupenda kufanya hivyo. Moja ni asidi, nyingine huiua asidi, zikikutana zinamalizana. Povu lile ni la kufurahisha macho tu, kinachobaki ni maji yenye chumvi.

Onyo: usitumie dawa ya klorini. Huozesha sponji, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ikikutana na mkojo hutoa kloramini. Zote mbili huchoma mapafu.

Je, sponji nzima inaweza kufuliwa? Ya unene wa sentimita 10 au chini yake, ndiyo, kama una mahali pa wazi penye upepo na siku kadhaa za ukavu. Izamishe kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uikanyage polepole, usuuze hadi maji yawe safi. Usiisokote kama nguo, itachanika ndani. Ilaze kwenye mteremko, weka ubao juu, ukandamize kutoka juu kwenda chini. Nene zaidi ya hapo usiizamishe.

Hatua ya 5: Kukausha hadi ndani

Simamisha sponji kwa ubavu juu ya vitu viwili ili hewa ipite pande zote, kivulini penye upepo. Jua kali la siku nyingi huivunja sponji. Saa moja au mbili si tatizo, lakini isishinde huko. Igeuze juu chini kila baada ya saa chache, maana maji hushuka na kujikusanya ukingo wa chini.

Uso hudanganya. Utagusa, utahisi pakavu, na katikati bado kuna maji. Ndiyo maana uliandika uzito: pima tena, na usiendelee hadi mizani irudi kwenye namba ile ile. Kama hukupima, weka karatasi laini kavu juu ya sponji, ubao juu yake, ukae hapo nusu saa. Karatasi ikilegea kwa unyevu au kuwa baridi mkononi, anika tena.

Siku mbili ni kawaida. Nne si ajabu.

Hatua ya 6: Kuondoa shimo

Kuna njia mbili, na ya kwanza haihitaji sponji mpya.

Njia ya kuhamisha vipande

Shimo huwa kwenye nyonga, mahali palipo uzito mkubwa. Upande wa miguu, sponji ni ile ile lakini haijafanya kazi. Basi unabadilishana.

Kwa godoro la sentimita 190, pima kutoka kichwani na uweke alama kwenye 60 na kwenye 125. Unapata vipande vitatu: cha kichwa cha sentimita 60, cha nyonga cha 65 na cha miguu cha 65. Cha kichwa kinabaki, cha miguu kinakuja katikati, na cha nyonga kilichochoka kinakwenda miguuni, uso wenye shimo ukitazama chini. Miguu ni myepesi, haitakijua.

Hakikisha kwanza kwamba shimo lote liko kati ya alama mbili. Kama limesogea, sogeza alama, ila vipande viwili vinavyobadilishana viwe na urefu sawa. Njia hii inafaa sponji ya aina moja kutoka juu hadi chini. Yenye tabaka za aina tofauti zilizogundishwa hukubali kubadilishana, lakini usigeuze uso.

Chora mstari nyuso zote mbili na ubavuni. Laza ubao kwenye mstari, uukandamize kidogo kwa goti, ukate kwa mikato mirefu ya taratibu huku kisu kimesimama wima. Usisukume kisu kwa nguvu: sponji hujikunja mbele yake, na ukiachia unakuta ukingo una tumbo. Ukiona kisu kinavuta badala ya kukata, kinoe.

Njia ya kiraka

Kama upande wa miguu nao umechoka, kata sehemu iliyozama yote, kutoka uso wa juu hadi wa chini, kwa umbo la mstatili. Usichimbe juujuu ukajaza. Kijazo cha namna hiyo hutembea.

Kiraka kiwe na unene ule ule na msongamano unaokaribiana na wa zamani, au kizidi kidogo tu. Kigumu mno hugeuka nundu, na nundu mgongoni ni mbaya kuliko shimo. Kikate kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 1 kwa urefu na 1 kwa upana, ili kiingie kwa kubanwa.

Kugundisha

Fungua madirisha na uzime moto wote, pamoja na jiko na sigara, kwani mvuke wa gundi nyingi za mguso hushika moto. Paka tabaka jembamba nyuso zote mbili zinazokutana, ukiacha sentimita 2 za juu, upande wa kulalia, bila gundi. Gundi ikikauka huwa ngumu kama ukambaa, na ukiifikisha juu utaihisi kila usiku.

Subiri hadi gundi isishike kidole lakini bado inanata, kwa kawaida dakika chache. Lebo ya kopo itakwambia. Kutanisha kwa uangalifu, anzia kona moja, maana ikishashika haibanduki. Kandamiza, uache siku nzima.

Umefaulu ukipitisha kiganja juu ya kiungo macho yamefumbwa usijue kiko wapi, na ukivuta vipande kwa mikono miwili kiungo hakifunguki. Kama bado unahisi mstari, tandaza tabaka la sponji la sentimita 2 au 3 juu ya godoro zima.

Kwa godoro la springi

Vaa miwani ya kinga na glavu nene. Chana utepe wa ukingo upande mmoja, funua kitambaa na utafute springi iliyokatika. Moja au mbili zinatengenezeka: pinda ncha ya waya itazame chini, kisha uifunge springi hiyo kwa jirani zake kwa kamba imara ya katani au nailoni. Funika eneo lote kwa gunia nene kabla ya kurudisha sponji, la sivyo waya utatoboa tena.

Zikiwa nyingi mahali pamoja, au fremu ya waya ya ukingo imepinda, usipoteze muda. Vivyo hivyo kwa springi zilizoshonewa kila moja mfuko wake. Hizo si za kurekebisha nyumbani.

Kwa godoro la sufi au pamba

Hili ndilo godoro lililoumbwa kufufuliwa. Fungua mshono, toa vyote vilivyomo, uvae barakoa. Tupa madonge yaliyogandamana yakawa magumu na yenye ukungu. Yaliyobaki yaanike siku mbili ukiyachambua kwa vidole hadi yavimbe, mbali na moto, kwani sufi hulipuka upesi. Usiifue sufi. Jaza upya, ongeza mpya kufidia uliyotupa, kisha piga mishono ya kushikiza, juu hadi chini, kila baada ya sentimita 25 hadi 30. Bila mishono hiyo kila kitu kitahamia pembeni ndani ya miezi michache.

Hatua ya 7: Kava

Chagua merikani nzito, jinzi au turubai jepesi. Fua kitambaa kabla ya kukata, kwa kuwa pamba hunywea.

Kata kwa kipimo cha sponji, toa sentimita 1 ili kava libane, kisha ongeza sentimita 3 za mshono. Godoro la 190 kwa 90 linataka vipande viwili vya 192 kwa 92, na mkanda wa ubavu wenye upana wa 13, yaani unene wa sentimita 10 usiotolewa kitu na 3 za mshono. Zipu izunguke upande mmoja mrefu na sehemu kubwa ya upande mfupi. Zipu fupi ndiyo inayochana makava.

Kuingiza sponji kwenye kava linalobana ni mieleka. Izungushie nailoni nyembamba inayoteleza, iingize hadi pembe zikae, halafu uichomoe nailoni kabla ya kufunga zipu. Usiiache ndani, itafungia jasho.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kulala

Rudia jaribio la kamba: kina kisizidi sentimita 1. Kisha lifunike godoro kwa nailoni usiku mmoja, ufunue asubuhi na kunusa papo hapo. Harufu ya gundi itaisha ikipata hewa ya siku mbili tatu. Uvundo hauishi: maana yake kuna unyevu, rudi hatua ya 5.

Likipita, ligeuze kichwa-miguu mara moja kwa mwezi, miezi mitatu ya mwanzo. Baadaye kila miezi mitatu inatosha. Kama ulitumia njia ya kuhamisha vipande, usiligeuze kabisa, utakirudisha kipande kilichochoka chini ya mabega.

Lisilofaa kulaliwa

Godoro lililoshindwa kwa sababu ya shimo au wepesi bado lina kingo nzuri. Kata hapo mito ya viti, vipande vya kupigia magoti bustanini, tandiko la mbwa au vya kufungia vyombo vinavyovunjika wakati wa kuhama. Lililoshindwa kwa ukungu au maji machafu lisiingie ndani kwa namna yoyote.

Usimtengenezee mtoto mchanga kitu chochote kutokana na godoro kuukuu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anahitaji kulala juu ya kitu kigumu na bapa kinachojaa kitanda chake bila nafasi pembeni. Ulaini kwake ni hatari ya kukosa pumzi. Tena sponji nyingi za zamani zilitiwa dawa za bromini za kuzuia moto, ambazo baadhi yake ziliwekwa mwaka 2009 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu. Usiisagesage sponji usiyoijua umri ukajazia mito ya kichwa au vikaragosi.

Usichome sponji. Moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi ya haidrojeni, gesi mbili zenye sumu kali. Usiizike shambani pia, haiozi. Sufi na pamba tupu, zisizochanganywa na nyuzi za kutengenezwa, ndizo zinazoweza kwenda kwenye mboji.

Wavu wa springi ukiusimamisha ukutani unakuwa kichanja cha mimea inayotambaa. Kama hauhitajiki, upeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu baada ya kung'oa nguo na sponji zote zilizoshika kwenye waya. Kata waya wa ukingo mwisho kabisa, ukiwa umeukanyaga, kwa sababu ndio unaoshikilia mvuto wa springi zote.